Fomu ya mbio, siyo ya posa

SWALI: Shikamoo Mzee wa Viwanja. Klabu yetu ya wakimbiaji hapa Nyegezi inaandaa mbio za kilomita 5 na 10. Fomu ya kujiandikisha ina kurasa tatu, na watu wanairudisha nusu tupu. Tupunguze nini? – Katibu, Mwanza

JIBU: Marahaba, Katibu. Nakala uliyonitumia inauliza kabila, dini na jina la mjumbe. Vya nini? Mnataka kumpa mtu namba ya kifuani au mnamwozesha? Futa. Hata Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ukusanye kinachohitajika tu.

Kinachohitajika hasa hukukiweka: simu ya mtu wa karibu, tofauti na ya mkimbiaji. Akizimia kwenye mlima wa Bugando jua likiwaka, ukipiga namba yake itaita mfukoni mwake. Hapo hapo weka visanduku vya pumu, kifafa, moyo na mzio, na mstari wa "mengine".

Uliza tarehe ya kuzaliwa, siyo umri. Aliye chini ya miaka 18 mzazi amsainie. Saizi ya fulana iwe visanduku, la sivyo utaandikiwa "ya kawaida". Kwenye malipo, dai namba ya muamala pamoja na jina la aliyetuma, maana wengi hulipiwa na shemeji.

Yote yanaenea ukurasa mmoja. Kabla ya kuchapa, mpe muuza dagaa yeyote wa Mwaloni aijaze, wewe ukae kimya. Atakapouliza "hapa naandika nini?", parekebishe.