Maswali ya Wasomaji: Mwanangu Hawaamkii Wakubwa

SWALI: Mwanangu ana miaka sita, na daktari amethibitisha kuwa ana usonji. Nikimwuliza, "Unataka maji?" hunijibu, "Unataka maji." Wakubwa hawaamkii wala hawatazami usoni, na shangazi zake wanasema nimemdekeza. Sayansi inasemaje? (Mama wa watoto watatu, Tanga)

JIBU: Mama, tuanze na maji, kwa kuwa hapo mwanao anasema mengi kuliko inavyodhaniwa. Leo Kanner, daktari wa watoto na akili huko Marekani, alipoeleza habari za watoto 11 mwaka 1943, aliona kwamba walirudia nafsi ("mimi" au "wewe") kama walivyoisikia, na kwamba kulirudia swali ndiyo ilikuwa njia yao ya kukubali. Kwa kuwa katika Kiswahili nafsi imo ndani ya kitenzi, "unataka" ya mwanao huenda ni "ndiyo, nataka" iliyobebwa nzima kama ulivyoitamka. Mpe maji, kisha umtamkie, "Nataka maji."

Kudekeza hakuleti usonji. Tafiti za mapacha zimeonyesha kuwa urithi una nafasi kubwa. Kuhusu macho, watu wazima wengi wenye usonji hueleza kwamba wakimtazama mtu usoni hushindwa kufuata anachosema. (Na tangu lini mtoto kumkazia mkubwa macho kukawa adabu kwetu?)

Wenye usonji na wengine wasipoelewana, kwa muda mrefu wataalamu waliulaumu upande mmoja tu, wa wenye usonji. Mwaka 1985, katika jaribio la London, mdoli alificha gololi kikapuni, mwingine akaihamisha wa kwanza asipokuwepo, watoto wakitazama. Watoto 16 kati ya 20 wenye usonji walionyesha kuwa wa kwanza angeitafuta ilikohamishiwa, si kikapuni alikoiacha, ikadaiwa kuwa hawawezi kukisia mawazo ya wenzao. Damian Milton, mtaalamu ambaye mwenyewe ana usonji, aliyapinga hayo mwaka 2012, akisema kwamba kutoelewana huko ni kwa pande mbili. Hoja hiyo ilipata nguvu mwaka 2020, watafiti wa Uskoti walipowapa watu wazima hadithi ya kupokezana: wenye usonji peke yao waliifikisha sawa na wasio na usonji peke yao, bali walipochanganywa, mengi zaidi yalipotea njiani.

Basi shangazi nao wana la kufanya: wamwite kwanza kwa jina, waseme neno moja, wangoje bila kumshika kidevu, na akinyoosha mkono tu, waitikie "Marahaba."