Fungu lako sijalisamehe

Isyonje, Mbeya

Mwanangu,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakaatuh. Sisi huku wazima, alhamdulillah. Ukungu umetanda tangu juzi, hata barabara ya Tukuyu haionekani kutoka barazani. Viazi vya shamba la juu vimeanza kutoa maua, na mdogo wako amekwishapiga dawa mara mbili wiki hii kwa sababu ya mvua.

Ujumbe wako nimeusoma usiku, nikausoma tena alfajiri. Umeandika: "Mama, nasikia umemsamehe yule dalali. Kama Uislamu ni dini ya haki, mbona anayeambiwa asamehe ni aliyedhulumiwa siku zote? Yeye aliyekula viazi vyetu anakwenda Makka, sisi tunabaki na subira." Sikutaka kukujibu kwa simu. Habari imekufikia nusu, na swali lako ni zito kuliko habari yenyewe.

Nianze na lumbesa, maana dhuluma ya yule bwana haikuanza mwaka 2011. Unakumbuka wapakiaji wake wakipanda juu ya gunia, wanakandamiza kwa goti, likishajaa hadi mdomoni wanaendelea kupanga viazi juu, halafu wanavishika kwa kamba iliyosukwa kama wavu hadi gunia linaota nundu. Sisi tulijua gunia ni debe sita. Lake lilimeza nane, na bei ilibaki ya gunia moja. Serikali imeipiga marufuku lumbesa mara nyingi, lakini kwa mkulima mwenye viazi vinavyoanza kuota na ada inayodaiwa, marufuku hayo yalikuwa maneno ya redioni. Baba yako alikuwa akisimama pembeni akisoma kimoyomoyo: Waylul lil-mutaffifin. Ole wao wapunjao, ambao wakijipimia kwa watu hutaka watimiziwe, na wakiwapimia watu hupunguza. Sura nzima, ya 83, imepewa jina la watu wa namna hiyo. Mwenyezi Mungu hakuona kuwa kipimo cha sokoni ni jambo dogo, mwanangu, na mimi kila nikiisoma naliona lile gunia lenye nundu.

Kisha ukaja mwaka huo wa 2011. Gunia 40 akazichukua mali kauli, kila moja 45,000, akaahidi kulipa baada ya wiki mbili. Baadaye akasema mzigo umeoza njiani, baadaye tena simu haikupokelewa. Wewe ulikuwa na barua ya chuo mkononi. Mwaka ule mzima ulikaa pale barabarani na ndoo za viazi, ukikimbilia madirisha ya mabasi, na baba yako alikuwa akipita njia ya nyuma asikuone. Alifariki mwaka uliofuata, bado anadai.

Sasa mwezi uliopita, baada ya Ijumaa, yule bwana akapiga hodi. Kanzu nyeupe, ndevu zimekuwa mvi, anatembelea fimbo kwa sababu ya kisukari. Akasema amepata nafasi ya kwenda hija, anazunguka kuwaomba watu radhi. "Mama, niwie radhi tu, tuyaache yaliyopita."

Nilimkaribisha chai. Alipomaliza kikombe nikaingia chumbani nikatoa daftari la baba yako, lile la jalada la bluu, nikalifungua mbele yake. Gunia 40, tarehe, bei, na chini sahihi yake mwenyewe. Alipitisha kidole juu ya ule mstari polepole mpaka mwisho, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Kimya kilikuwa kirefu. Nikamwambia: Bukhari amepokea kwamba Mtume (s.a.w.) alisema, aliyemdhulumu nduguye katika heshima yake au kitu chochote, basi amalizane naye leo, kabla ya siku ambayo haitakuwa na dinari wala dirhamu. Umekuja siku nzuri, nikamwambia, maana shilingi bado zipo.

Hapo ndipo penye jibu la swali lako. Aliyekwambia kwamba Uislamu unamtaka mnyonge anyamaze hakusoma aya zote. Katika Suratush Shura, Mwenyezi Mungu anawasifu wale ambao wakidhulumiwa hujitetea. Anasema malipo ya uovu ni uovu mfano wake, yaani usizidishe. Ndipo anasema anayesamehe na akasuluhisha, ujira wake uko kwa Allah. Na mara moja anarudi kusema kwamba anayejitetea baada ya kudhulumiwa hana lawama, lawama iko juu ya wanaodhulumu watu. Msamaha umewekwa katikati, haki imeukinga mbele na nyuma. Kwa hiyo asiyesamehe hana dhambi. Anayesamehe anasamehe akiwa ameshika haki yake mkononi, anajua uzito wake, kisha anaiachia. Huwezi kuachia kitu ambacho hujakubaliwa kwamba ni chako.

Tena anaachia cha kwake tu. Deni lile lilikuwa la baba yako, na alipofariki likawa mirathi. Babu na bibi yako walishatangulia, warithi ni mimi na nyinyi wawili. Gunia 40 ni 1,800,000. Mke mwenye watoto fungu lake ni thumni, yaani sehemu moja ya nane, 225,000. Inabaki 1,575,000, mdogo wako ana mafungu mawili na wewe moja. Nilimpigia hesabu hiyo kwenye karatasi ya nyuma ya daftari. Nikamwambia, hii 225,000 nimekuachia leo, na lumbesa kwa upande wangu nimekuachia. Hiyo nyingine si yangu. Ningekusamehe kwa niaba ya wanangu ningekuwa nimewadhulumu mara ya pili.

Akauliza habari ya jirani yetu Mmoravian, ambaye gunia zake 12 zilipanda lori lilelile. Au niseme aliuliza kwa namna ya kutaka nimwambie si lazima amlipe: "Yule si mwenzetu katika dini, lake nitaliombea kwa Mungu." Mwanangu, hapo nilikasirika kuliko nilivyokasirika kwa ajili yetu. Nilimsimulia kisa ambacho wafasiri wanakieleza chini ya aya ya 105 ya Suratun Nisaa na zinazofuata: mtu wa ukoo wa Ubayriq, pale Madina, aliiba deraya, vazi la chuma la kivita, akamsingizia Myahudi, na jamaa zake Waislamu wakaenda kwa Mtume kumtetea. Wahyi ukashuka kumsafisha yule Myahudi na kuwaaibisha wao. Aya hizo tunazisoma katika sala mpaka leo. Na kwenye Maida tunaambiwa chuki ya watu isitupeleke kuacha uadilifu. Basi nilimwambia, hija yako inapita kwanza kwenye mlango wa yule mama.

Alikwenda. Sikufuatana naye, lakini niliona kanzu yake ikishuka ule mteremko wenye utelezi, na jioni jirani alikuja kwangu na noti ndani ya khanga, akakaa jikoni akalia. Aliniambia "ndaga fijo", asante sana kwa Kinyakyusa, nami sikujua nimjibu nini, kwa kuwa sikuwa nimempa kitu.

Siku ya tatu yule bwana alileta 1,575,000 yetu. Nasikia ameuza ng'ombe.

Nisikufiche upande wangu. Miaka yote hii, nikikutana naye kituoni Uyole, akitoa salamu nageuza uso. Nami nimefundisha watoto wa madrasa kwa mdomo huu kwamba si halali Mwislamu kumhama nduguye zaidi ya siku tatu, na mbora wao ni anayeanza salamu. Kudai deni ilikuwa haki yangu, ila kumnyima salamu haikuwa. Kilichonivunja ni habari ya Sayyidna Abubakar na Mistah. Mistah alikuwa jamaa yake maskini, anamlisha, kisha akashiriki kumzulia Bibi Aisha, binti wa Abubakar na mke wa Mtume. Abubakar akaapa hatampa kitu tena. Ikashuka aya: wasamehe na waachilie, je, hampendi Mwenyezi Mungu akusameheni? Akasema, naam, wallahi napenda, akamrudishia matumizi yake. Lakini Mistah hakuachiwa hivihivi, imepokewa kuwa alichapwa kwa uzushi ule. Aliadhibiwa, akasamehewa, akaendelea kulishwa, na hakuna moja lililofuta jingine.

Fungu lako ni 525,000, liko kwenye bahasha ndani ya kabati, juu ya Msahafu. Najua halilingani na kilichopotea. Mwaka ule wa ndoo barabarani haumo katika daftari, na mimi siwezi kuupigia hesabu wala kuuachia. Nilimweleza habari yake yote, jinsi ulivyokuwa ukirudi magharibi vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Aliinamisha kichwa, akaomba namba yako ya simu.

Sikumpa. Nimemwambia nitakuuliza kwanza. Anaondoka wiki mbili zijazo, na ukikataa, nitamwambia umekataa, na mimi nitabaki mama yako vilevile. Niandikie.

Mama yako