Barua kwa Mwanangu: Jumapili Ambazo Hatukuingia Kanisani

Mwanangu mpenzi,

Tumsifu Yesu Kristo.

Ujumbe wako wa juma lililopita nimeusoma mara tatu kabla ya kuketi kuujibu, kwa sababu swali lililomo si la kujibiwa kwa simu huku nimesimama njiani. Uliniandikia kwamba umesoma habari za Wakristo wa Abitene, kule Afrika ya Kaskazini, waliokamatwa mwaka 304 kwa kukusanyika siku ya Bwana, nao wakamjibu hakimu kwamba bila adhimisho hilo hawawezi kuishi. Kisha ukaniuliza: sisi mwaka 2020, wakati wa korona, tulifungiwa makanisa kwa tangazo moja la serikali, tukakaa miezi karibu minne bila Misa, na tukaishi, je, hatukuthibitisha wenyewe kwamba Misa si ya lazima, na mtu anayeifuatilia leo kwenye simu akiwa chumbani kwake Mombasa anapungukiwa na nini? Nakushukuru kwa kuniuliza, maana najua wengi wa rika lako waliobeba swali hilohilo wakaacha kanisa kimya kimya, na wazazi wao hawajui hata walianza lini.

Nianze na hao mashahidi wa Abitene, kwa kuwa umewaleta wewe. Kaisari Diocletian alipiga marufuku mikusanyiko ya Wakristo na kuamuru Maandiko yao yasalimishwe yachomwe, na alichokitaka ni imani yenyewe ife. Tangazo la 22 Machi 2020 hapa kwetu Kenya lilifunga makanisa, misikiti na baa kwa pamoja, juma moja baada ya shule kuamriwa kufungwa, na Roma nayo ilikuwa tayari inaandika maelekezo ya jinsi mapadre watakavyoadhimisha Juma Kuu bila watu. Kuacha kukusanyika kwa kumwogopa kaisari ni jambo moja, na kuacha kukusanyika ili jirani yako wa benchi asife kwa pumzi yako ni jambo jingine kabisa. Nilitii nikiwa na dhamiri safi, na ningetii tena. Sikuficha manung'uniko yangu, hata hivyo: niliona soko letu limejaa watu siku ambayo kanisa lilikuwa na kufuli, na naamini hadi leo kwamba vigango vidogo, yaani vituo vya sala vya parokia, vya huku milimani Taita, ambako watu arobaini wanaweza kusali nje chini ya miti, vingeweza kufunguliwa mapema zaidi kuliko vilivyofunguliwa.

Jumapili hiyo ya tangazo ilikuwa ya nne ya Kwaresima, na asubuhi tulikuwa bado tumekwenda Misa. Injili ilikuwa ya yule kipofu wa tangu kuzaliwa, ambaye Yesu alitema mate chini, akafanya tope, akampaka machoni. Tulikuwa tumekwisha kuambiwa tusipeane mikono ya amani, tuinamiane tu, na mlangoni hapakuwa na maji ya baraka katika bakuli lake. Bibi yako aliingiza vidole mle ndani kwa mazoea, akakuta pakavu, akafanya ishara ya msalaba hivyo hivyo. Jioni tangazo likatoka, na hiyo ndiyo ikawa Misa yake ya mwisho ndani ya kanisa, ingawa hakuna aliyejua.

Ijumaa iliyofuata, tarehe 27 Machi, ilikuwa siku ya kwanza ya kafyu, na saa moja jioni kila mtu alipaswa kuwa ndani. Saa mbili usiku, kwa saa za kwetu, Papa Fransisko alisimama katika uwanja wa Mtakatifu Petro ukiwa mtupu na mvua ikinyesha, karibu na ule msalaba wa kanisa la San Marcello ambao watu wa Roma waliuzungusha mitaani wakati wa tauni ya mwaka 1522. Ikasomwa Injili ya Marko kuhusu dhoruba ziwani, inayoanza kwa kusema kwamba ilikuwa jioni, na sisi tuliokuwa tumefungiwa ndani jioni ile kwa mara ya kwanza tulilisikia neno hilo kwa namna ambayo hatukuwahi kulisikia. Alipoinua Ekaristi Takatifu kuubariki mji na ulimwengu, mama yako alipiga magoti sakafuni mbele ya simu. Baraka ile tuliipokea kweli, maana Kanisa lenyewe limeruhusu ipokewe kwa redio na runinga. Lakini Mwili wa Kristo hakuna chombo kinachoweza kuupitisha hewani, na usiku ule, pamoja na faraja yote niliyopata, ndipo nilipoanza kuihisi njaa.

Juma Kuu tulilifanya nyumbani. Jumapili ya Matawi tulikata matawi shambani tukayafunga mlangoni petu. Alhamisi Kuu hakuna parokia iliyoosha watu miguu, kwa kuwa Roma ilikuwa imeagiza ibada hiyo iachwe, na katika Mkesha wa Pasaka, usiku wa kuamkia 12 Aprili, hakuna kanisa lililowasha moto mpya nje. Tulisikiliza Misa kwa redio na baada yake tukasali Komunyo ya tamaa, ile sala ya kumwomba Yesu aje rohoni mtu asipoweza kumpokea katika Ekaristi. Nakuomba ulitazame neno hilo, mwanangu. Wazee wetu hawakuiita Komunyo ya simu wala Komunyo ya redio. Waliiita ya tamaa, na mtu hutamani kile ambacho hana. Tazama pia tulivyokuwa tukisema: tumesikiliza Misa. Kusikiliza ndiko redio ilikoweza kutupa, na nilishukuru kwa hilo, lakini sala ile ya tamaa ilikuwa ikikiri kila Jumapili kwamba kuna kilichobaki.

Sasa nikukumbushe habari za bibi yako, kwa sababu ndani yake kuna jibu ambalo ulilitoa mwenyewe.

Miezi ile alikuwa na miaka themanini na minane, na kila Jumapili, redio ilipozimwa, aliuliza swali moja: Padre anakuja lini? Tulimweleza habari za ugonjwa, akaelewa, na Jumapili iliyofuata akauliza tena. Mwezi Mei nguvu zilimwisha. Paroko alipanda mlima kwa miguu, kwa sababu barabara ilikuwa imeharibiwa na mvua, akiwa amevaa barakoa, akanawa mikono uani kwenye ndoo yenye bomba, akamwombea na kumpaka Mafuta ya Wagonjwa kwa kipande cha pamba badala ya kidole. Kisha akampa Komunyo, ambayo kwake ilikuwa masurufu ya safari. Juma hilo lote bibi yako alikuwa amesahau majina yetu. Mimi aliniita kwa jina la kaka yake aliyekufa zamani. Lakini Padre aliposema, "Mwili wa Kristo," alifungua macho na kujibu, "Amina," kwa sauti ile ile aliyokuwa akiitumia kanisani. Alifariki baada ya siku mbili.

Unajua yaliyofuata. Mazishi yaliruhusiwa watu kumi na watano tu, na hapakuwa na mkesha kwa sababu ya kafyu, wala jumuiya yetu ya majirani Wakatoliki haikuja kusali rozari usiku kama tulivyowasalia wengine wote. Mombasa ilikuwa imefungwa tangu 8 Aprili, hakuna aliyeruhusiwa kuingia wala kutoka, kwa hiyo binamu yako alikuonyesha mazishi kwa simu, picha ikikatika kila upepo ulipovuma. Usiku ulinipigia ukilia. Uliniambia, "Baba, nimeona kila kitu, lakini sikuwepo." Mimi sijawahi kuyasahau maneno hayo, na sidhani kwamba umeyasahau. Hukupungukiwa na habari: uliliona jeneza, ulimsikia Padre, ulisikia udongo ukianguka. Ulichopungukiwa nacho ni kuwepo, kushika koleo kwa mkono wako, kusimama karibu na mama yako alipoyumba. Ukiniuliza leo mtu anayefuatilia Misa chumbani kwake anapungukiwa na nini, sina maneno yaliyo bora kuliko hayo yako.

Wala sisemi hivyo kana kwamba sisi tuliokuwa huku tulifanya vyema. Nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu, na tulipozuiwa kukutana nyumba kwa nyumba nilifungua kundi la WhatsApp, tukawa tunatumiana masomo ya siku, maombi na taarifa za wagonjwa, na sadaka ikawa inatumwa kwa M-Pesa. Nilijivunia sana mpango huo. Ilipita miezi miwili ndipo nilipotambua kwamba kulikuwa na mama mjane, aliyekuwa haachi kuja jumuiyani, ambaye hakuwa na simu ya namna hiyo, na hakuna mtu aliyempelekea neno lolote tangu Machi. Nilikwenda kwake nikasimama nje ya ua wake na barakoa yangu. Hakunilaumu. Alinieleza kwamba kila Alhamisi saa kumi, saa yetu ya jumuiya, alitoa viti viwili nje na kusali peke yake, akisoma sehemu ya kiongozi na kuitikia sehemu ya watu. Maaskofu wa Afrika Mashariki walizichagua jumuiya ndogo ndogo mwaka 1976 kuwa njia ya kufanya Kanisa lifike mlangoni kwa kila mtu, na mimi, kwa kuamini kwamba kundi la simu ni jumuiya, nilimpoteza mtu aliyekaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwangu. Ndiyo sababu naogopa unaponiambia kwamba simu inakutosha. Kwenye simu hakuna anayeona kiti chako kikiwa wazi.

Julai makanisa yalifunguliwa, watu wasiozidi mia moja, ibada isiyozidi saa moja, na hapakuruhusiwa mtoto chini ya miaka kumi na mitatu wala mtu aliyepita hamsini na minane. Mimi nilikuwa na sitini na mmoja. Baada ya kungoja muda wote huo, mama yako alikwenda Misa peke yake, nami nikabaki barazani na mpwa wako aliyekuwa na miaka tisa, wote wawili tumezuiwa na umri, mmoja kwa kuzidi na mwingine kwa kupungua. Kutoka barazani kengele husikika. Ilipolia ya mageuzo, mkate na divai vinapogeuka Mwili na Damu ya Kristo, nilipiga magoti, na mtoto akaniuliza kama Yesu anajua kwamba tuko huku. Nilimjibu kwamba anajua. Akauliza tena, kwa nini basi nalia. Sikuweza kumweleza siku hiyo, lakini wewe naweza kukueleza: ni kwa sababu kujulikana na Mungu ukiwa mbali, na kuketi mezani pake, si kitu kimoja, na mtu aliyeonja vyote viwili hawezi kuvichanganya.

Mipaka ya umri ilipolegezwa, nilirudi. Nilipimwa joto mlangoni, jina langu likaandikwa kwenye daftari, nikaketi peke yangu kwenye benchi lililokuwa la watu watano. Komunyo tulipewa mkononi, jambo lililowasumbua wazee wengi waliozoea kupokea kwa ulimi, na mimi nikiwa mmojawapo, hadi Paroko alipotukumbusha kwamba Mtakatifu Sirili wa Yerusalemu aliwafundisha Wakristo wa karne ya 4 kuufanya mkono wa kushoto uwe kiti cha enzi kwa ule wa kulia. Nilitazama mikono yangu yenye sugu za jembe ikitetemeka. Sikumbuki mahubiri ya siku hiyo hata kidogo.

Agosti mwaka huo Kardinali Robert Sarah, mwana wa Guinea aliyekuwa akiongoza idara ya ibada kule Roma, aliwaandikia viongozi wa mabaraza ya maaskofu ya dunia nzima kwamba hakuna matangazo ya redio wala runinga yanayoweza kuchukua nafasi ya kushiriki Misa mtu mwenyewe, na katika barua hiyohiyo aliwataja hao wa Abitene uliowasoma wewe. Kanisa halikuwa limebadili fundisho lake lilipotuambia tukae nyumbani. Kanuni ya 1248 ya sheria zake ilikuwepo tangu zamani, ikisema kwamba pasipokuwa na padre, au panapokuwa na sababu nzito, waamini wasali katika familia zao au familia kadhaa pamoja. Sababu nzito ilikuwepo, na kwa wagonjwa na wazee wasioweza kutoka kitandani bado ipo, nao simu hiyo ni huruma kubwa kwao ambayo sitaki mtu aidharau. Lakini wewe una miguu mizima, na kanisa liko mwendo wa robo saa kutoka unapoishi.

Umesema tuliishi. Naam, tuliishi, kama ulivyoishi wewe baada ya kukosa mazishi ya bibi yako. Je, ungesema kwamba kwa kuwa uliishi, haikuwa lazima uwepo?

Nimempa Paroko nia ya Misa kwa ajili ya bibi yako, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, saa nne asubuhi. Haijawahi kufanyika Misa ya kumwombea tukiwa wote, kwa sababu kila mara kulikuwa na mmoja aliyezuiwa na jambo fulani. Mpwa wako sasa ni mtumishi wa altare na atahudumu siku hiyo. Mama mjane niliyekutajia ndiye atakayeongoza rozari kaburini baada ya Misa, nami nimeomba wewe usome somo la kwanza. Matatu ya mwisho kutoka Voi kuja huku milimani huondoka mapema jioni, kwa hiyo toka Mombasa Ijumaa asubuhi.

Baba yako