Aligongwa kichwa uwanjani: je, shule isiyo na raga inatosha?

SWALI: Daktari, kijana wangu ana miaka 13 na amemaliza darasa la saba. Nina shule mbili mkononi: moja ya bweni hapa Mwanza, nyingine Jinja, Uganda, ambako mjomba wake anafanya kazi. Ya Jinja inasifika kwa masomo, lakini wanacheza raga, na nilipoona video zake niliogopa. Mwezi wa sita kijana aligongana kichwa na mwenzake kwenye mpira wa miguu. Hakuzimia, aliendelea kucheza, ila kichwa kilimuuma kama wiki nzima na akawa anasahausahau. Tulimpeleka akachuliwa, akapona. Nimpeleke hii ya Mwanza isiyo na raga ili moyo utulie? Na nikichagua ya Jinja, ile kofia laini ya raga itamkinga? (Mama, Nyegezi)

JIBU: Mama, hofu yako juu ya raga si ya bure. Majeraha mengi ya kichwa katika mchezo ule hutokea pale mchezaji anapomkaba mwenye mpira ili amwangushe, na mara nyingi anayeumia ni mkabaji mwenyewe, hasa akiingia wima, kichwa kikakutana na kichwa au bega. Ndiyo maana tangu 2023 nchi kadhaa zimekuwa zikishusha kimo cha kukaba kwenye mechi za vijana na za klabu ndogo. Kuna na skramu, ule msukumano wa wachezaji wanane kwa wanane, ambao ukiporomoka shingo iko hatarini. Kwa hiyo kama shule ya Jinja inamlazimisha kila mvulana kucheza, au inamkutanisha mgeni wa miaka 13 na mkongwe wa miaka 18 mwenye kilo 85, jibu ni hapana na hakuna haja ya kuendelea. Kama raga ni ya hiari, au wadogo wanacheza ile ya kugusana tu bila kuangushana, mwandikishe riadha au wavu, na barua iwe mezani kwa mwalimu wa michezo kabla kijana hajaripoti.

Kofia laini huzuia masikio kuchubuka na ngozi ya kichwa kuchanika. Mtikisiko wa ubongo haizuii. Anayekuuzia kwa ahadi hiyo anakula hela yako.

Sasa nije kwenye maneno mawili ya barua yako yanayonitia wasiwasi kuliko raga yote ya Uganda: "hakuzimia" na "aliendelea kucheza". Watu wameshika kwamba asiyezimia hakuumia ubongo. Makocha wanaamini hivyo, walimu wa zamu wanaamini, hata baadhi ya wahudumu wa afya. Ukweli ni kwamba wanaopoteza fahamu ni chini ya mmoja kati ya kumi wa wanaopata mtikisiko wa ubongo. Ukisubiri mtoto azimie ndipo umtoe, karibu wote utawaacha uwanjani.

Ubongo umezungukwa na maji ndani ya fuvu. Kichwa kikisimama ghafla au kikizungushwa kwa nguvu, wenyewe unaendelea kwenda. Nyuzi zake zinavutika na kemia yake inavurugika. Hakuna kilichopasuka wala damu iliyomwagika. Kofia haiwezi kuzuia mwendo unaotokea ndani ya fuvu, na mikono ya mchuaji haiwezi kuurekebisha.

Uwanjani mambo huenda hivi. Vijana wawili wanaruka kuwania kona, vichwa vinagongana, wote wanaanguka. Mmoja anainuka mara moja akilalamika. Mwingine anainuka polepole, anashika goti kana kwamba ndilo lililoumia, anatazama huku na huku kabla ya kujua timu yake inashambulia upande gani. Dakika mbili baadaye anamuuliza beki matokeo ni ngapi, halafu anauliza tena. Mwalimu anamwagia maji kichwani na kumuuliza, "Unaweza?" Hakuna kijana wa miaka 13 mbele ya shule nzima atakayejibu kwamba hawezi. Huyo alipaswa kutoka palepale na asirudi siku hiyo, hata akisema yuko fiti baada ya robo saa. Kanuni ni hiyohiyo kwenye raga, kandanda, kikapu na judo: ukishuku, mtoe.

Ukali huu una sababu. Ubongo uliotikisika ukigongwa tena kabla haujapona unaweza kuvimba ghafla, na vijana ndio walio hatarini zaidi. Mwaka 2011, Ireland ya Kaskazini, mvulana wa miaka 14 alifariki baada ya kugongwa kichwa zaidi ya mara moja katika mechi moja ya raga ya shule. Ni tukio la nadra, lakini kulizuia kulihitaji tu mtu mmoja wa kumtoa baada ya pigo la kwanza. Sababu ya pili ni kuvuja damu taratibu. Mfupa wa kando ya kichwa, juu kidogo ya sikio, ni mwembamba na chini yake unapita mshipa wa damu. Ukipasuka, kijana anaweza kuinuka, akaoga, akala ugali na wenzake, kisha baada ya saa chache akalala usingizi usioamka. Kwa hiyo saa 24 za mwanzo lazima awepo mtu mzima wa kumwangalia. Kulala si kosa, lile la kumkesha kwa makofi na kahawa ni imani tu. Mwache alale, ila aangaliwe kama anaamka akiitwa na anajua alipo.

Kutapika tena na tena, kichwa kuuma kwa kuzidi, degedege, mkono au mguu kulegea, mboni moja kubwa kuliko nyingine, damu au maji meupe kutoka sikioni au puani, shingo kuuma, usingizi mzito usio wa kawaida: dalili yoyote kati ya hizo ni safari ya hospitali, Bugando au Sekou Toure, usiku huohuo, wala si ya kesho asubuhi. Shingo ikiuma asiinuliwe kwa kuvutwa mikono.

Baada ya pigo kinachofuata kina mpangilio. Saa 24 hadi 48 za mwanzo ni mapumziko ya wastani: kutembea ruksa, simu na televisheni kidogo sana, mpira hapana. Kumfungia chumba chenye giza wiki nzima hakusaidii, kunamchelewesha. Kwa maumivu apewe panado, kidonge cha miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinne kwa siku. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki ziachwe siku hizo za mwanzo kwa sababu zinaweza kuongeza kuvuja damu. Kisha arudi darasani kabla ya kurudi uwanjani. Kwa shule ya bweni maana yake asamehewe maandalizi ya usiku kwa siku chache, apunguziwe kunakili ubaoni, apumzike katikati ya vipindi viwili. Halafu mbio nyepesi, halafu mazoezi ya mpira bila kugongana, kila hatua isipungue siku moja. Dalili zikirudi anarudi hatua ya nyuma. Mazoezi yenye kugongana ni baada ya siku 14 mfululizo bila dalili yoyote, na mechi si kabla ya siku 21 tangu aumie. Hivyo ndivyo mwongozo wa Uingereza wa 2023 kwa michezo ya ngazi ya chini unavyosema, na ubongo wa kijana wa Mwanza haukuumbwa tofauti. Vijana wengi hupona ndani ya mwezi mmoja. Mwanao akiwa bado anasahau, kichwa kinamuuma akisoma au usingizi umebadilika tangu Juni, mlete aonekane na daktari sasa, kabla ya shule yoyote.

Kipimo cha CT, ile picha ya kichwa inayopigwa kwa mionzi, nacho kimegeuzwa hirizi. Kazi yake ni kuonyesha damu na mfupa uliovunjika. Mtikisiko wa ubongo hauonekani humo, kwa hiyo "CT iko safi" haimaanishi "rudi uwanjani". Kinamwagia mtoto mionzi, na tunakiagiza pale tunapoona dalili za hatari, hatukiagizi ili kumtuliza mzazi.

Kuhusu kuchuliwa, Mama, kijana wako alipona kwa sababu wiki ilipita. Mchuaji alipokea pesa ya muda. Nisingegombana naye kama angeishia kupaka mafuta, lakini wapo wanaovuta na kukunja shingo, kama zile saluni ambako kinyozi akimaliza kunyoa anakizungusha kichwa mpaka kilie "ko". Kwa mtu aliyegongwa kichwa, ambaye hujui kama shingo yake iko salama, huo ni mchezo wa hatari kuliko skramu. Wapo wanaochanja chale kwenye paji la uso "damu mbaya itoke". Wapo wa mashine ya kupima mwili mzima: unashika kifimbo, kompyuta inatema kurasa za matokeo ya ubongo, ini na figo, na mwishoni unauziwa makopo ya virutubisho. Kifimbo kile hakipimi ubongo, na hakuna kopo linaloharakisha kupona kwake.

Huku Kanda ya Ziwa tuna na mtego wa peke yetu, malaria. Kijana anagongwa Jumamosi, Jumapili kichwa kinauma na anatapika, Jumatatu zahanati ya shule inampima malaria kwa kipimo cha haraka, kinasoma chanya, anapewa dawa ya mseto na kesi inafungwa. Kipimo kile kinaweza kubaki chanya wiki kadhaa baada ya mtu kutibiwa, na mtu anaweza kuwa na vimelea na pigo la kichwa kwa wakati mmoja. Muuguzi asipouliza "uligongwa?", mtoto hasemi. Tukiwa hapohapo kwenye mambo ya ziwani: anayeoga na kuvua ziwani tangu utotoni apimwe kichocho, na tumbo lishikwe na daktari. Bandama lililovimba kwa kichocho au malaria linaweza kupasuka kwa goti moja la tumbo, na mwenye bandama hilo asicheze mchezo wowote wa kugongana mpaka aruhusiwe.

Kwa hiyo, shule ile ya Mwanza "isiyo na raga" usiichague bado. Ina mpira wa miguu, na vichwa hugongana huko vilevile. Nenda ukaikague saa ya michezo, usiende saa ya ofisi. Tazama kama magoli ya chuma yamechimbiwa au yamesimama tu, maana goli lisilofungwa likimwangukia mtoto linaua. Angalia mawe, kwa sababu viwanja vyetu vingi yanachomoza hatua mbili kutoka kwenye mstari. Muulize mwalimu wa michezo nani mwenye neno la mwisho la kumtoa mchezaji wakati wa UMISSETA, yale mashindano ya michezo ya shule za sekondari. Akijibu "kapteni anajua" au "tunamuuliza mwenyewe", umeshajibiwa. Omba kuona daftari la majeraha. Shule yenye mamia ya vijana na daftari tupu si kwamba ina bahati, ni kwamba haiandiki. Uliza patroni analala wapi na gari la usiku liko wapi. Shule ya upande wa Sengerema sasa ina daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa 2025. Ya Ukerewe usiku inategemea boti, na hilo ni jambo la kupimwa. Na kama unafikiria shule ya kutwa ili umwone kila jioni, basi asipakiwe mishikaki kwenye bodaboda bila kofia ngumu. Ajali za barabarani zinatuletea vichwa vilivyoumia kuliko michezo yote ikijumlishwa.

Mwisho, fomu ya afya inayokuja na maelekezo ya kujiunga. Wazazi wengi wanaituma kwa mtu, inagongwa muhuri, kila mstari umeandikwa "mzima", na mtoto mwenyewe hajavuka geti la hospitali. Muhuri wa namna hiyo ni uongo uliolipiwa, na daktari anayeugonga anastahili lawama kuliko mzazi. Nenda na kijana. Pasipo na nafasi ya kueleza, bandika karatasi: aligongana kichwa mwezi Juni, dalili zilidumu wiki moja, akigongwa tena atolewe siku hiyo na mzazi apigiwe simu kabla ya kupewa dawa yoyote. Weka namba mbili za simu, yako na ya mjomba. Nakala moja kwa muuguzi, moja kwa patroni, moja kwa mwalimu wa michezo, na kila mmoja asaini kwamba ameipokea.