Mnaokuja Lamu kufanya utafiti wa chuo, someni hii kabla hamjapanda boti Mokowe

Haya, nimeulizwa sana na wanafunzi wa masta na hata wa digrii ya kwanza wanaopangiwa kuja huku kwetu kukusanya data, huyu wa afya, yule wa tabia za watu, mwengine kilimo, mwengine kasa na viboko, na kila mmoja anaamini mambo yake hayahusiani na ya mwenziwe. Mimi kazi yangu ni kuwapokea, kuwatafutia wasaidizi, kuwapeleka kwa chifu na kushinda nao fildi, kwa hivyo naandika mara moja hapa nisiwe narudia rudia.

Kubwa ninalotaka mlijue ni kwamba huyo mama unaekwenda kumhoji habari ya malaria ndo huyo huyo ambae mumewe shamba lake linaliwa na wanyama, na mtoto wake ndo anaetumwa kulinda. Chukua mfano wa Mpeketoni, upande wa bara. Pale kuna Ziwa Kenyatta, lina viboko, na kiboko hutoka usiku kutafuta majani, akikuta mahindi haulizi ya nani. Mchana wanakuja nyani. Basi msimu wa mahindi kukomaa mwenye shamba analala juu ya dungu, na mchana ni zamu ya watoto kufukuza nyani, shule inakaa. Sasa anakuja mwanafunzi wa afya na dodoso lake, anauliza kaya hii ina neti ngapi, anaambiwa mbili, anatia tiki, anakwenda zake. Neti zipo ndio, zimetundikwa nyumbani, na baba yuko dunguni anaumwa na mbu mpaka alfajiri. Dodoso zuri huuliza nani alilala ndani ya neti usiku wa jana, na hata hilo halitoshi kama hujauliza wasiolala nyumbani wanalala wapi. Wiki ya pili anakuja wa wanyamapori, anahesabu mistari ya mahindi iliyoliwa, anaandika hasara ni magunia kadha, malaria ya yule baba na masomo ya yule mtoto hayamo kwenye hesabu. Baadae wa elimu nae anakuja kuuliza mbona watoto hawaji darasani mwezi ule. Wote watatu wamekaa mkeka mmoja, wamenywa chai ya mama mmoja, na hakuna aliesoma ripoti ya mwenziwe.

Kwa hivyo kabla hujaja, tafuta walioandika kuhusu kijiji hicho hicho kwa fani nyengine. Usiniambie umefanya mapitio ya maandishi kumbe umesoma ya idara yako peke yake.

Na kama unadhani natia chumvi, kuna kisa cha 2004 ambacho kila anaekuja Lamu kwa mambo ya afya angefaa kukijua. Mwaka ule kulikuwa na ukame, watu kisiwani wakaanza kushikwa na homa na viungo kuuma vibaya sana, ikaja kujulikana ni chikungunya. Mwezi wa kumi watafiti walipima damu za wakaazi wakakuta kama asilimia 75 walikuwa wameshaambukizwa, yaani robo tatu ya mji. Kutoka hapa ugonjwa ukaenda Mombasa, mwaka uliofuata uko Comoro, halafu ukafika kisiwa cha Réunion ukawapiga watu huko kwa malaki. Sasa ukame na ugonjwa wa mbu vinakutana wapi, si mvua haikuwepo? Vinakutana kwenye mapipa. Maji yakiwa adimu watu wanaweka akiba ndani ya nyumba na hawamwagi hata tone, na mbu wa aina ya Aedes anapenda hasa maji masafi yaliyotulia ya namna hiyo, tena huyu anauma mchana, neti yako ya usiku haikusaidii kitu. Wazee wa Amu, yaani Lamu mjini, kwenye majumba ya mawe walikuwa wakitia visamaki ndani ya birika la chooni vile viluwiluwi vya mbu viliwe. Pipa la plastiki la siku hizi nani anatia samaki? Yani hapo afya, hali ya hewa, ujenzi wa nyumba na tabia ya kuweka maji vyote ni swala moja, na ukikaa hospitali peke yake kuhesabu wagonjwa utapata idadi tu, sababu hutaiona.

Vibali nitapita haraka maana vinachosha. Kamati ya maadili ya chuo kwanza, halafu leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, ambayo ni ya mwaka mmoja, ukiwa na mambo ya wanyamapori kuna taasisi ya utafiti wa wanyamapori ya Naivasha na KWS, shirika la wanyamapori, halafu ukifika huku unaripoti kwa kamishna wa kaunti, ofisi ya kaunti inayohusika, chifu, mzee wa mtaa, na kama ni wavuvi basi viongozi wa BMU, vile vikundi vya wavuvi vya kusimamia ufuo. Msiruke ngazi. Na bara, hasa upande wa Boni ambako operesheni ya usalama imekuwepo tangu 2015, usijipangie safari kwa kuangalia ramani ya simu, uliza kwanza, na ukiambiwa leo hakuendeki basi hakuendeki.

Kalenda sasa. Wengi wenu mnakuja na ratiba imechorwa vizuri kwenye eksel, Jumatatu Faza, Jumanne Siyu, na hakuna hata pahali palipoandikwa mwezi uko wapi. Boti za kwenda Pate na Faza zinapita Mkanda, mkondo mwembamba wa bahari, na maji yakitoka zinaweza kukwama, kwa hivyo saa ya kuondoka inapangwa na maji, sio na supavaiza wako. Siku za bamvua, mwezi ukiwa mpya au umekamilika, maji yakipwa wanaochukua pweza wako mwambani, nyumbani utakuta watoto na bibi. Kusi likikaza, mwezi wa sita mpaka wa nane hivi, wavuvi wengi hawatoki nje, wanabanana ndani ya mikoko na mikondo, na kaskazi ndo bahari inatulia pesa zinaonekana. Halafu wewe unauliza "kwa mwezi unapata shilingi ngapi?" Mwezi gani? Atakutajia chochote ili uondoke. Muulize safari ya mwisho alitoka na nani, walipata kilo ngapi, mwenye chombo alichukua fungu lake, mafuta yalikatwa, yeye akabaki na nini, halafu uulize safari kama hiyo hutokea mara ngapi kusi na mara ngapi kaskazi. Ndefu, lakini ndo jibu. Ramadhani chakula na usingizi vyote vimegeuka, kwa hivyo ukiuliza "siku saba zilizopita umekula mara ngapi" unapima Ramadhani, hupimi lishe yake. Ijumaa mchana wacha. Maulidi mji umejaa wageni, wacha pia, ama njoo ule biriani tu.

Ngoja nikae kidogo kwenye maswali ya siri maana hapa ndo nimeona data nyingi ikiharibika. Umekuja kuuliza nani anakula nyama ya kasa, nani anavua na juya, ule wavu wa kukokota, nani anakata mikoko bila kibali. Kasa analindwa na sheria, kesi yake si ya kutozwa faini ukarudi nyumbani, na wewe ni mgeni umekuja na chifu umeshika tableti. Unatarajia aseme ndio? Atakwambia kasa ni kiumbe cha Mungu tunamhifadhi, na mkewe ndani anacheka.

Kuna mbinu ya tangu 1965, alianzisha bwana mmoja Mmarekani anaitwa Stanley Warner, na watu wameigeuza geuza tangu hapo. Namna moja iko hivi: unampa mtu sarafu, anairusha peke yake wewe huoni. Tuseme ile ya shilingi kumi mpya yenye simba. Ikilala simba juu anasema "ndio" bila kujali, ikilala upande mwengine anajibu kweli. Akisema ndio hujui ni yeye ama ni simba, na hata polisi hawajui, kwa hivyo hana cha kuogopa. Lakini wewe una watu 200, unajua kama 100 hivi wamesema ndio kwa sababu ya sarafu, sasa kama umepata ndio 130 basi zile 30 zimetoka kwa wale 100 wengine, yaani asilimia 30. Raha, sivyo? Ubaya wake inataka watu wengi, ukiwa na watu 40 hesabu inayumba mpaka haina maana.

Na huku kwetu ina ubaya mwengine ambao hutaukuta kwenye vitabu vya mbinu: mzee wa dini hataki kurusha sarafu, kwake hiyo inanukia kamari, na dadu ndo kabisa usiitoe mfukoni. Atakuangalia tu, atasema "mwanangu, wacha hayo tuzungumze," na mahojiano yamekwisha hapo. Kwa hivyo mimi napendelea ile ya orodha. Nusu ya watu unawapa orodha ya mambo manne ya kawaida, kushona nyavu, kuuza samaki mwenyewe, kwenda Kiwayu, kupanda mikoko, na unauliza tu mangapi ameyafanya mwaka huu, hataji yapi. Nusu ya pili unawapa hayo hayo manne na la tano ni kula kasa. Kundi la kwanza wakiwa na wastani wa 2.1 na la pili 2.3, ile tofauti ya 0.2 ni asilimia 20. Wape vijiwe ama kokwa za tende wahesabie mkononi mwao, wazee wanaipenda, na hakuna alieona aibu. Ila orodha ijaribuni kwanza na watu wachache, isiwe kila mtu anafanya yote manne, hapo akiongeza na la tano ameshajitaja mwenyewe.

Wa kilimo, bebeni mizani. Mtu atakwambia amevuna debe kadha au pishi kadha, na debe la huyu limejazwa mpaka lina kilima juu, la yule limekatwa sawa sawa mdomoni. Ekari nazo ni za kukisia, zungukeni shamba na GPS. Lakini hiyo GPS msiitegemee ndani ya mji wa Amu, vichochoro ni vyembamba na kuta ndefu, itakuweka nyumba ya tatu kutoka pale uliposimama. Andika jina la mtaa na msikiti ulio karibu.

Kuingia nyumbani: piga hodi, toa salamu, subiri. Kwa wanawake apelekwe mtafiti mwanamke, hili sio la kujadili, na hata hapo wifi na majirani watakuja kukaa kusikiliza, kwa hivyo maswali ya ndani sana mtafutie nafasi siku nyengine. Muite kwa jina lake la heshima, Bi fulani, Mama fulani, mzee ni Maalim au Bwana. Wanaume utawakuta barazani baada ya alasiri lakini kile ni kikao, ukimuuliza mmoja wanajibu sita.

Fomu ya ridhaa usimsomee mtu kama hotuba. Mwambie kwa mdomo unataka nini, itachukua muda gani, akikataa hakuna kitakachomharibikia hospitali wala kwa chifu, halafu ndo fomu. Damu watu wanaiogopa na wana haki, pwani hii maneno ya damu kuuzwa yamekuwepo miaka mingi. Sema wazi: mililita 5 ni kijiko kimoja cha chai, inakwenda maabara gani, inapimwa nini, inatupwa lini au inawekwa mpaka lini. Na kama unatafiti tu wala hutibu, sema hivo pia, maana ukivaa koti jeupe mtu anadhani ametibiwa. Vivyo hivyo kwa wenye mashamba: sheria ya wanyamapori ya 2013 ina fidia, ya kifo ni milioni 5, kwa hivyo ukifika na fomu ya kuandika hasara ya kiboko, watu wanadhani wewe ndo mlango wa hiyo pesa na hesabu za magunia zinapanda. Mwambieni mapema fidia inaombwa wapi, hata kama haihusu thesisi yako.

Tableti tieni kwenye mfuko usioingia maji, chumvi inaua chaja. Kobo, ile programu ya kujazia dodoso, inafanya kazi bila intaneti, tumeni data mkifika penye mtandao usiku ule ule. Na picha za fomu zenye majina ya watu hazitumwi kwenye grupu la WhatsApp, kuna sheria ya data ya 2019 na mambo ya afya ya mtu ndo inayabana zaidi.

Mwisho, mrejesho. Mnaahidi wote na mnapotea wote, samahani lakini ndivyo ilivyo. Wekeni pesa yake kwenye bajeti tangu propozali, nauli ya boti, ukumbi au mikeka, soda na kaimati. Karatasi moja ya Kiswahili, isomwe kwa sauti, nakala ziachwe zahanati, kwa chifu na kwa BMU. Kabla ya kikao kaeni na wale wasaidizi wenu wa hapa muwaeleze kila kitu mpaka waelewe, kwa sababu nyinyi mtapanda boti, na wao ndo watakaosimamishwa njiani kuulizwa ile damu ilionesha nini.