Muulize Mwalimu: Msahafu nausoma, b na d zanishinda

Mwalimu, asalaam aleikum. Mimi ni mama wa miaka 55, nakaa Langoni, Lamu. Chuoni nilisoma kwa bibi yangu na msahafu nimeukhitimu, lakini skuli sikupelekwa. Mwaka huu nimejiunga na masomo ya ngumbaru. Herufi hizi za kizungu zanitesa: b na d nazigeuza, "dada" nasoma "baba", na mjukuu wangu wa darasa la pili hucheka mpaka akalala chini. Je, kichwa kimeshakuwa kigumu? Na huku kuanza kushoto kwenda kulia, hakutanivuruga msahafu wangu?
Mama wa Langoni

Wa aleikum salaam, dada yangu (dada, si baba). Huyo anayekucheka mwambie mamake atoe daftari lake la chekechea, tucheke sote. Nimefundisha darasa la kwanza hapa Malindi mpaka nikastaafu, na watoto walioandika majina yao kinyumenyume, herufi zote zimegeuka, walikuwa wengi tu, tena wenye akili zao.

Sababu imo kichwani. Mtu aliyeifuatilia kwa miaka mingi ni Mfaransa Stanislas Dehaene, mtaalamu wa ubongo wa Collège de France, Paris. Yeye na wenzake wanatuambia kwamba maandishi yana umri wa miaka elfu tano na kitu, muda mdogo mno kwa ubongo kuumbiwa sehemu yake ya kusomea. Kwa hiyo anayejifunza kusoma huazima. Upande wa kushoto, chini kuelekea kisogoni, kuna mahali ambapo kwa asiyesoma hufanya kazi ya kutambua nyuso, vyombo na maumbo. Ukijifunza herufi, kipande cha hapo hubadilishwa kazi, kama chumba cha chini cha nyumba ya mawe kinapotobolewa mlango wa barabarani kikawa duka. Nyuso nazo hazipotei, usihofu kuwasahau majirani. Sehemu ya kazi hiyo husogea upande wa kulia.

Lakini mahali hapo pana mazoea yake ya zamani. Simama ufukoni Lamu. Jahazi likienda Shela, omo iko kulia kwako; likirudi, omo iko kushoto. Nani huyahesabu kuwa majahazi mawili? Jicho limezoea kwamba kitu kikigeuka upande ni kile kile, na mazoea hayo yametufaa tangu hapo. Sasa inakuja herufi yenye kijiti na tumbo: tumbo likiwa kulia ni b, likiwa kushoto ni d. Msahafu haukukupa mtihani huo, kwa kuwa ba, ta na tha hutengwa kwa nukta. Kwa hiyo si uzee wala uzito wa kichwa. Unachofanya ni kulifundisha jicho liache tabia yake, na kila msomaji wa herufi hizi amepita hapo.

Kuhusu umri, mwaka 2010 Dehaene na wenzake walichapisha utafiti wa watu wazima 63 wa Brazil na Ureno: 10 hawakujua kusoma, 22 walijifunza ukubwani, 31 walisoma tangu utotoni. Waliwapiga picha za ubongo huku wakiwaonyesha maandishi na nyuso. Kwa wale wa ukubwani, mahali pale pale paliitikia maandishi. Kasi yao ilikuwa ndogo kuliko ya waliowahi shule, hilo sikufichi.

Nawe huanzi na sifuri, ila nikuulize kiwalimu: unasoma, au umehifadhi? Fungua ukurasa usioujua kwa moyo, au barua ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zile walizoandikiana wazee wetu. Ukiisoma, wewe ni msomaji, na karani akikuandikia "hajui kusoma" kwenye fomu, mrudishie airekebishe.

Msahafu hautavurugika. Msomaji wa Kiingereza huona herufi kama 14 au 15 upande wa kulia wa pale alipokaza jicho, na 3 au 4 tu upande wa kushoto. Mwaka 1981 walipimwa watu wanaosoma Kiingereza na Kiebrania, ambacho huandikwa kutoka kulia kama Kiarabu. Wakishika Kiebrania, upana huo uligeukia kushoto. Watu wale wale.

Kwa b na d, chukua moja tu. Iandike kubwa kama kiganja, uifuatishe kwa kidole ukisema ba, be, bi, bo, bu. Ya pili iache mpaka ya kwanza itulie.

Mwalimu, baba yangu ni dalali wa samaki Malindi. Baada ya kiharusi kidogo anaongea vizuri na anaandika, lakini alichoandika mwenyewe hawezi kukisoma. Kilo na bei anazisoma. Watu wanasema anajifanya, anakwepa madeni.
Kijana wa Malindi

Hajifanyi. Mwaka 1892 daktari wa Paris, Joseph Jules Dejerine, alieleza habari za mgonjwa wa namna hiyo hiyo: aliongea, aliandika, tarakimu alizijua, ila maneno hakuweza kuyasoma, hata ya mkono wake. Alipokufa, ubongo ulikutwa na jeraha nyuma upande wa kushoto, huko huko nilikomweleza mama wa Langoni. Mkono una njia yake ya kuandika. Jicho ndilo lililokatiwa njia ya kufikia maneno.

Kama hajaonwa na daktari, mpeleke leo, maana kiharusi kidogo huweza kufuatwa na kikubwa. Mwambie daktari ampime macho pia: mgonjwa wa Dejerine alikuwa haoni vizuri upande wa kulia, na mzee akiwa hivyo atagongwa na bodaboda. Nyumbani, mwache afuatishe herufi kwa kidole, mojamoja; yule wa Paris aliweza kuzitambua kwa njia hiyo. Daftari la wavuvi lisome wewe kwa sasa. Hesabu mwachie mwenyewe.