Dogo anayefungua kila mashine nyumbani: PCM au VETA?

Mkuu, umeuliza kama huyo mdogo wako wa kidato cha nne, ambaye hakuna feni wala redio iliyosalimika pale kwenu, asome PCM (fizikia, kemia na hesabu, kidato cha tano na sita) aende uhandisi au apelekwe VETA, vyuo vya ufundi stadi, moja kwa moja. Nipo mwaka wa tatu uhandisi mitambo na nilianza kama yeye.

Nimekulia kwenye mashine ya kusaga ya mjomba, Kilosa. Injini ya dizeli, pipa la maji ya kupozea pembeni, mkanda mrefu hadi kwenye kinu. Pale masikio ndiyo yanayosoma. Nyundo za kinu zikilika, mlio unabadilika na kusaga kunakuwa kwa kusuasua. Unazigeuza, unatumia pembe ambazo bado kali. Kubadilisha chekeche, kupiga grisi, kutoa upepo kwenye bomba la mafuta, yote nilifanya kabla sijamjua Newton ni nani.

Ila kulikuwa na beringi moja, ya upande wa puli (lile gurudumu linalovaa mkanda). Kila fundi anayeitwa anaweka mpya, anakaza mkanda "usiteleze", analipwa, anaondoka. Haikawii, inalia tena. Mjomba akawa analaani beringi feki (feki zipo, sibishi). Jibu nililikuta darasani: kwa beringi za gololi, mzigo ukiongezeka mara 2, umri haupungui nusu, unashuka hadi 1/8, maana hesabu yake inakwenda kwa kipeo cha tatu (2 × 2 × 2 = 8). Na mkanda uliokazwa kupita kiasi unaivuta shafti muda wote, hata kinu kikiwa hakina punje.

Likizo nikavuta uzi kutoka puli hadi puli. Hazikuwa kwenye mstari mmoja! Ndiyo maana mkanda ulikuwa unalika ubavu na kuteleza, na kila ukiteleza watu wanakaza zaidi. Tukasogeza injini, tukalegeza mkanda, kelele za beringi zikaisha.

Wale mafundi si wabovu, kwa mikono wananizidi mpaka leo. Hiyo kanuni ndiyo hawakuwahi kuonyeshwa. Darasani kwetu nako wapo wenye A ya hesabu ambao karakana wanaiogopa.

Kwa hiyo angalia hesabu na fizikia yake. Akiziweza, PCM bila kujiuliza. Zikimsumbua, aanze VETA, aende diploma, DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) kwa mfano, na shahada ataifuata akitimiza vigezo. Njia ndefu, ila kwenye vitendo atakuja kuwa moto. Kumnyang'anya bisibisi ili "asome kwanza" siungi mkono hata kidogo.

Kwa sasa mtafutie cherehani bovu na pampu ya maji, afungue anavyotaka. Maikrowevu na zile TV za kichogo asiguse: kapasita zake zinabaki na umeme hata ukishachomoa waya ukutani, na wa maikrowevu unaua.